Aliyeitika Kutoka Kiti cha Nyuma

Kitu cha mwisho cha kawaida siku ile kilikuwa ugomvi wa dirisha. Basi lilikuwa limesimama kwenye kituo cha mafuta, saa nane mchana. Abiria walikuwa wamekula, wamekwenda msalani, na wamerudi kwenye viti vyao. Katika safu ya tatu, mchuuzi wa viatu, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alitaka dirisha liwe wazi. Jirani yake, mzee mwembamba aliyevaa suti ya kijivu na tai, alitaka lifungwe.

"Vumbi linaingia, mama."

"Na joto litatoka wapi, baba? Hebu niambie, na suti hiyo unakwenda kuoa au unakwenda kuzikwa?"

"Ninakwenda kumwona binti yangu."

"Basi atakupokea umeshaiva."

Watu wakacheka. Kondakta akaja na kulisukuma dirisha hadi katikati. "Nusu wazi, nusu limefungwa," akasema. "Atakayelalamika atasimama mbele ya darasa."

Kondakta huyo walimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Ile ilikuwa safari yake ya kwanza. Dereva, aliyekuwa anafuta kioo cha mbele kwa gazeti, aliusikia ugomvi wote na akatabasamu kidogo. Hakuwa ametabasamu kwa muda mrefu.

Asubuhi, kwenye kituo kikuu, abiria walipokelewa na watu wa ofisi kwa tiketi zao. Lakini baada ya mapumziko ya mchana, kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa ni kazi ya kondakta. Makondakta wengine hupita katikati ya viti na kuhesabu vichwa. Mwalimu alisimama mbele, akashusha miwani puani, akafungua orodha na kuanza kuita majina, moja baada ya jingine, kama anayeita mahudhurio. Abiria walilifurahia jambo hilo. Waliitika "Nipo, mwalimu" kwa sauti za kitoto. Alifika jina la arobaini na sita, na hapo angeweza kuacha. Lakini hakuwa mtu wa kuruka mstari. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na majina ya wafanyakazi wa basi.

Aliita jina la dereva. "Nipo," dereva akasema, mkono tayari uko kwenye gia.

Aliita jina la dereva wa pili, aliyekuwa amejilaza kwenye kiti kirefu cha nyuma akisubiri zamu yake. Mguu mmoja ukainuliwa juu. Watu wakacheka tena.

Kisha akaita jina la tatu.

"Nipo," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Ilikuwa sauti ya kukwaruza kidogo, ya haraka, ya mtu aliyekatizwa kazi. Mwalimu akatia alama, akakunja karatasi.

"Twende, dereva. Wote wamo."

Jina la tatu lilikuwa la mke wa dereva.

Alikuwa kondakta wa basi lile kwa miaka kumi na mmoja. Alikufa kwa homa ya siku tatu, wakati mumewe akiwa mipaka miwili mbali na nyumbani. Karani wa ofisi alimpigia simu wiki moja baada ya mazishi kumuuliza kama aliondoe jina lake kwenye fomu. Dereva akajibu, "Mwache kwanza." Karani hakuuliza tena. Kila safari fomu ilichapishwa na jina lile, na kondakta aliyekuwepo aliandikwa kwa kalamu pembeni. Hakuna aliyewahi kulisoma kwa sauti. Kondakta yeyote mzoefu anajua kwamba majina ya chini hayaitwi.

Basi liliingia barabarani. Dereva aliendesha kilomita kumi, mikono yake ikishika usukani pale pale bila kusogea. Mpaka ulikuwa mbele, kilomita mia mbili na thelathini za lami iliyonyooka katikati ya nyasi kavu, na geti lake hufungwa saa kumi na mbili jioni.

"Mwalimu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nani kaitika lile jina la mwisho?"

"Yule mhudumu mwenzangu, si yuko nyuma? Nilishangaa, maana ofisini waliniambia niko peke yangu."

"Uko peke yako. Yule ni mke wangu. Ana miezi miwili na siku nne kaburini."

Mwalimu alivua miwani. Alitazama nyuma, kisha akaitazama orodha mkononi mwake kana kwamba karatasi ingeomba radhi.

"Labda ni abiria kafanya mzaha," akanong'ona.

"Mzaha kwa sauti yake?"

Harufu ilikuja kwanza. Haikuwa mbaya sana. Ilikuwa harufu ya nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi, na ndani yake kitu kama chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho. Abiria wa nyuma wakaanza kufungua madirisha. Kisha ikasikika sauti ya kugonga. Tok. Tok. Kimya. Tok. Tok. Dereva aliijua. Mkewe alikuwa na namna yake ya kuhesabu: alipita katikati akigonga kwa pete yake ncha ya juu ya kila kiti, viti viwili kushoto, viwili kulia, na hakuwahi kukosea hesabu hata siku moja.

Dereva akainua macho kwenye kioo cha ndani. Ujia kati ya viti ulikuwa mtupu. Lakini kule mwisho, abiria waliokaa pembeni mwa ujia walikuwa wanainamisha mabega yao upande wa dirisha, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama watu wanavyofanya wanapompisha mtu apite.

"Mwamshe mwenzangu," dereva akasema. "Mwambie zamu yake imefika."

Mwalimu akaenda nyuma akishikilia viti. Alirudi baada ya dakika mbili, na rangi ya midomo yake ilikuwa imebadilika.

"Haamki. Nimemtikisa, nimemwita, nimemwagia maji. Anapumua, lakini ni baridi kama chupa ya friji. Na sio yeye tu. Safu nne nzima za nyuma, dereva. Na wote wanasema neno moja."

"Neno gani?"

"Nipo."

Dereva hakupunguza mwendo. Kama angesimama, alihisi, mikono yake isingekubali kuwasha gari tena. Alisikia sasa, chini ya mngurumo wa injini, minong'ono ya watu waliolala: nipo, nipo, nipo, bila kupokezana vizuri, kama darasa linalosoma bila kuelewa, na kila mara pete ile ilipogonga, mnong'ono mmoja uliongezeka, na mabega mawili zaidi yaliinama, na baridi ikasogea safu moja mbele, mpaka mchuuzi wa viatu, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, akasimama akashika kichwa cha kiti chake na kupaza sauti.

"Jamani! Huyo mhudumu wenu mwenye koti la kijani ana nini? Anawapapasa watu usoni wakiwa wamelala! Mimi asinikaribie, nitampiga na kiatu!"

"Unamwona?" Mwalimu akauliza.

"Kwani wewe humwoni? Yule pale safu ya saba. Ila..." Sauti yake ikashuka. "Ila mbona miguu yake haishuki mpaka chini?"

Mzee wa suti akafungua macho. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti. Alilegeza tai.

"Kaa, mama," akamwambia mchuuzi. "Usimpige na kitu. Dereva, mimi ni mganga."

"Na suti hiyo?" mchuuzi akasema, hata katika hofu ile.

"Ulitaka nivae ngozi ya chui kwenye basi? Dereva, yule si mkeo. Mkeo amepumzika. Yule ni jini wa barabara. Barabara ndefu kama hizi zinao, wanasubiri tu jina lisilo na mwenyewe. Limeitwa jina, hakuna wa kuitika, akaitika yeye. Sasa yumo kwenye orodha, na anahesabu watu wake. Akimaliza safu ya kwanza atakuwa amekuhesabu na wewe. Basi litaendelea kwenda, ila hamtafika popote."

"Mtauliza kama dawa ninayo. Ninayo. Imo mkobani, kwenye buti la mizigo, mlisema mzigo mkubwa hauingii ndani," aliendelea mzee, na kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Lakini isingesaidia. Huyu hakuingia kwa uchawi, ameingia kwa karatasi. Nani aliliacha jina hilo pale?"

Tok. Tok. Safu ya sita.

"Mimi," akasema.

"Basi ni wewe wa kumtoa. Utalifuta kwa mkono wako, na utamwambia ashuke. Macho kwa macho. Na lolote atakaloomba, usimkubalie."

Dereva aliwasha taa ya kulia, akatazama kioo cha pembeni kama kanuni inavyotaka, akalitoa basi barabarani na kulisimamisha kwenye changarawe. Alivuta breki ya mkono. Alizima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, na ndani yake minong'ono ile sasa ilisikika wazi: watu ishirini na nane, wake kwa waume, macho yamefumbwa, wakiitika. Mwalimu akampa orodha na kalamu nyekundu. Alifungua mlango wa mbele, akaingia kwenye ujia, na hapo akamwona.

Alikuwa amevaa koti la kijani lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, kile alichokishona dereva mwenyewe, vibaya, walipokuwa wamelala njiani kwa sababu ya mafuriko. Alikuwa na uso ule, na kovu dogo juu ya nyusi, na kichwa kimeinama upande kidogo kama alivyokuwa akiinamisha alipochoka mwisho wa safari ndefu. Na dereva, ambaye hakuwepo siku ile ya homa, ambaye alifika nyumbani akakuta shuka limeshakunjwa, alihisi kila kiungo mwilini mwake kikitaka kwenda mbele.

"Dereva," akasema. Ndivyo mkewe alivyomwita siku zote, hata nyumbani, hata mbele ya wakwe. Dereva, chakula tayari. Dereva, watoto wamelala. "Dereva, nimechoka kusimama. Kile kiti changu cha kukunja kiko wazi. Niambie nikae. Neno moja tu."

Dereva akakunjua orodha.

"Nitaongea na wewe kila safari. Utaendesha usiku kucha na hutasinzia. Hukuwahi kuniaga, unakumbuka? Niage sasa. Niambie nikae."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya shavu la abiria wa safu ya tano, mwanamke aliyekuwa amesinzia na kitabu mapajani. Vidole vilikuwa vinabana kidogo. Dereva aliutazama ule mkono, na alichokiona pale kilimrudishia akili.

"Mke wangu," akasema polepole, akimtazama machoni, "hakuwahi kumgusa abiria aliyelala. Miaka kumi na mmoja. Alikuwa anagonga kiti. Alisema mtu akilala kwenye basi letu ametuamini."

Alibandika orodha kwenye kichwa cha kiti, akaweka kalamu juu ya jina la tatu. Uso ule ukabadilika. Haukuwa wa kutisha. Ukawa tu kama uso usio na mtu ndani, kama nyumba iliyohamwa.

"Ukinifuta nitaondoka na sauti yake," ikasema, bado kwa sauti ile ile ya kukwaruza, ile nzuri. "Yote. Na jumbe zake saba za sauti ulizonazo kwenye simu, unazozisikiliza bafuni watoto wasikusikie. Asubuhi utaitafuta kichwani mwako na hutaikuta. Utakumbuka alisema nini. Hutakumbuka alisemaje. Fikiria vizuri, Dereva. Watu hawa huwajui hata majina."

Hapo dereva alitazama viti, safu kwa safu, mpaka nyuma. Mchuuzi wa viatu alikuwa ameshika mkono wa mzee wa suti na hakuwa anajua kwamba ameushika.

"Siwajui majina," dereva akasema. "Ninajua wamekaa wapi."

Akavuta mstari. Alivuta wa kwanza, akavuta wa pili juu yake, akakandamiza hadi karatasi ikatoboka. Kila herufi aliyopita juu yake alikuwa ameijua tangu alipoiandika kwenye cheti cha ndoa. Kisha akainua kichwa.

"Ichukue," akasema. "Chukua sauti. Haikuwa mali yako, na kwangu pia ilikuwa ya kuazima. Lakini jina lake ninakunyang'anya, na huzuni yangu ninabaki nayo, na basi hili ni langu mpaka kituo cha mwisho. Hapa si kituo chako? Sijali. Shuka."

"Dereva..."

"Nimesema shuka!"

Alipiga kelele. Watoto wake hawakuwahi kumsikia akipiga kelele, wala mkewe hakuwahi. Alisogea pembeni, akajibana kwenye kiti kuacha nafasi, na kunyoosha mkono kuelekea mlangoni, kama anavyoonyeshwa mlevi au mtu asiye na tiketi. Kitu kikampita. Kilikuwa baridi, na kilimgusa begani kilipokuwa kinapita, makusudi. Ngazi za mlango zililia, moja, mbili, tatu. Halafu basi zima likainuka juu ya springi zake, likainuka sana, kama linavyoinuka linaposhushwa mzigo wa magunia mengi, na nje nyasi kavu zikalala mstari mrefu kuelekea mbali, ingawa hapakuwa na upepo.

Mwalimu akafunga mlango. Alijaribu mara mbili kabla ya kuupata mpini.

Wa kwanza kuamka alikuwa dereva wa pili. Alikaa kitako, akapangusa maji usoni, akauliza kwa hasira nani kamwagia. "Na zamu yangu si imepita? Mbona hamkuniamsha?"

Mchuuzi wa viatu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Mzee wa suti alitoa leso mfukoni akampa, kisha akasema maneno machache tu kwa dereva: "Umelipa bei yote. Haitarudi." Hakuomba chochote. Nyuma watu walikuwa wanaamka, wanalalamika juu ya baridi, wanauliza wamefika wapi.

Dereva wa pili alishika usukani. Walifika mpakani saa kumi na mbili na robo, na geti lilikuwa limefungwa. Walilala kwenye foleni, nyuma ya malori, kila mtu kwenye kiti chake, taa za ndani zikiwaka. Hakuna aliyependekeza zizimwe.

Kulipopambazuka, dereva alishuka peke yake na kusimama kati ya basi na lori lililokuwa mbele. Alitoa simu, akafungua ujumbe wa sauti wa kwanza kati ya zile saba. Sekunde kumi na nne. Alisikia mvumo, kama wa matairi kwenye lami iliyo mbali, kwa sekunde zote kumi na nne. Alifungua wa pili, na wa tatu. Alifungua zote, mpaka wa saba. Halafu akafumba macho na kutafuta kichwani. Aliyakuta maneno: Dereva, chakula tayari. Yalikuwa yamekaa pale, yamenyooka, kama yaliyoandikwa ubaoni. Hayakuwa na sauti.

Kisha akafuta uso kwa mkono wa shati na kupanda kushika usukani.

Mwalimu alikuja na vikombe viwili vya chai. Alisimama kando ya kiti cha kukunja, hajui aweke wapi mwili wake.

"Kaa, Mwalimu," dereva akasema.

Mwalimu akakaa. Mbele, malori yalianza kuwasha injini. Mlinzi alikuwa anahangaika na kufuli la geti.

"Nitakueleza habari za kondakta niliyekuwa naye," dereva akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kiume, imekauka kwa usingizi mdogo, na hakujaribu kuilainisha ifanane na ya mtu yeyote. "Siku moja pale kwenye mizani alipanda askari mmoja mkubwa, ana bunduki, ana nyota mabegani, akakaa kiti cha mbele bila tiketi. Basi limejaa, abiria wote wanatazama miguu yao. Mke wangu akaenda akasimama mbele yake. Mwanamke mwenyewe anafika hapa, kifuani kwangu."

"Akamwambiaje?"

"Subiri, nianze mwanzo," dereva akasema, akaingiza gia, na geti lilipofunguliwa akalivusha basi huku akiendelea kusimulia.